Kifungo Huisha, Rekodi Hubaki

Asubuhi moja ya Agosti 1841, mahakamani Boston, John Augustus, fundi viatu, alimwona mlevi aliyechakaa akingoja kupelekwa jela. Akazungumza naye, kisha akamwekea dhamana kwa sharti kwamba aache pombe. Wiki tatu baadaye mtu yule alirudi kizimbani amebadilika kabisa, na hakimu akamtoza faini ya senti moja na gharama za kesi. Hadi Augustus anafariki mwaka 1859, alikuwa amewadhamini watu karibu 2,000. Hapo ndipo ilipoota mizizi ya probesheni, yaani kifungo cha nje, nchini Marekani. Massachusetts iliitungia sheria mwaka 1878, na kufikia katikati ya karne iliyofuata majimbo yote yalikuwa nayo.

Kisha huruma ikapungua. Mwaka 1973 New York iliweka kifungo cha miaka 15 hadi maisha kwa kukutwa na wakia chache za heroini. Mwaka 1994 California ikaamua kwamba kosa kubwa la tatu ni miaka 25 hadi maisha. Hata kifungo cha nje kiligeuka mzigo: ada kila mwezi, vipimo vya mkojo, kuripoti kwa afisa. Mwaka 1983 ilibidi Mahakama Kuu ya nchi iseme kwamba mtu asifungwe kwa sababu tu hana pesa ya faini.

Ukimaliza adhabu, rekodi inakusubiri kwa mwajiri na kwa mwenye nyumba. Kwa hiyo majimbo yakabuni njia za kuifuta au kuifunga. Pennsylvania, mwaka 2018, ilikuwa ya kwanza kuagiza rekodi za baadhi ya makosa madogo zifungwe zenyewe, bila mtu kupeleka ombi.

Ila wahamiaji wenzetu wasikilize hapa. Jimbo likifuta, idara ya uhamiaji haifuti. Tangu mwaka 1996, sheria ya uhamiaji ya serikali kuu inahesabu kwamba umetiwa hatiani ukikiri kosa na jaji akakuwekea adhabu au sharti lolote, hata kama kesi ilifutwa baadaye kwa sababu ulitimiza masharti vizuri. Watu hukiri haraka ili warudi nyumbani jioni ile, kumbe wamefungua mlango wa kufukuzwa nchini. Tangu 2010, wakili wa kesi ya jinai anawajibika kukueleza hatari hiyo kabla hujakiri. Muulize, na akuandikie jibu.