Bildi ya umeme

Bildi ni timazi ya mabaharia: kipande cha risasi kinachoshushwa kwa kamba kupima kina cha maji. Kina kilihesabiwa kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa.

Leo kazi hiyo hufanywa na transdyusa, neno zito mdomoni. “Bildi ya umeme” ingetosha kabisa. Hutuma mlio, kisha husikiliza mwangwi. Sauti hukimbia baharini takriban mita 1,500 kwa sekunde, hivyo mwangwi ukirudi baada ya sekunde 0.02, kina ni nusu ya njia hiyo ya kwenda na kurudi, yaani mita 15.

Anayenunua nyingine badala ya iliyokufa hulinganisha kwanza plagi na masafa, mara nyingi kilohezi 50 au 200. Kwa chombo cha mbao, transdyusa ya bronzi ndiyo hufaa zaidi, kwani mbao zikivimba huweza kupasua plastiki.