MALI BILA DAFTARI: KISA CHA DATSUN 240Z

Wahenga wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu msemo huu huambiwa wenye maduka na watunza hazina wa vyama. Leo nauleta kwa watu wa namna nyingine kabisa, yaani wale wanaotamani kununua gari la spoti lililokwisha kutumiwa na mtu mwingine: gari fupi, la milango miwili, lenye boneti ndefu na mngurumo wa simba. Watu hao wapo wengi katika miji yetu, na wala siwacheki. Tumbo lina njaa yake, na macho nayo yana njaa yake.

Lakini kabla mtu hajatoa fedha zake, ni vizuri ajue historia. Nami nimechagua gari moja tu liwe mfano, kwa sababu sehemu ya historia yake iliandikwa kwenye vumbi na matope ya nchi zetu hizi za Afrika Mashariki. Gari hilo ni Datsun 240Z.

Tuanzie mbali kidogo. Katika miaka ya 1960 Wajapani walijulikana ng'ambo kwa magari madogo ya bei nafuu. Gari la spoti lilihesabiwa kuwa kazi ya Waingereza, Wajerumani na Waitaliano. Kampuni ya Nissan, ambayo ilikuwa ikiuza magari yake ng'ambo kwa jina la Datsun, ilimpeleka Marekani mwaka 1960 mtumishi wake mmoja aliyeitwa Yutaka Katayama. Bwana huyu alikaa California, akatazama Wamarekani wanapenda nini, kisha akawasukuma wakubwa wake wa Japani watengeneze gari la spoti ambalo mtu wa mshahara wa kawaida angeweza kulinunua.

Gari lilionyeshwa mwezi Oktoba 1969. Kule kwao liliitwa Fairlady Z. Katayama aliona jina hilo haliwezi kuuza gari la mbio, basi Marekani likauzwa kwa tarakimu na herufi tu: 240Z. Tarakimu hizo zilitokana na ukubwa wa injini, lita 2.4, yenye silinda sita zilizopangwa mstari mmoja na kabureta mbili. Mwendo wake wa juu ulikaribia kilometa 200 kwa saa. Bei yake huko Marekani ilikuwa dola 3,526, wakati ambapo Jaguar E-Type ya Uingereza ilipita dola 5,000. Wanunuzi walipanga foleni, na wauzaji wengine wakaongeza bei juu ya ile ya kiwanda kwa sababu walijua mteja hataondoka.

Sasa tuje kwetu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa watengenezaji wa magari, Safari ikawa mtihani mkubwa. Barabara za lami zilikuwa chache, na mvua za Pasaka hazimjali bingwa wala mwanafunzi. Mwaka 1970 Edgar Herrmann, Mjerumani aliyeishi Kenya, na msoma ramani wake Hans Schüller walishinda kwa Datsun 1600 SSS. Mwaka uliofuata, 1971, wawili hao walishinda tena, safari hii kwa 240Z. Na nafasi ya pili ikachukuliwa na 240Z nyingine, ya kijana Shekhar Mehta.

Mehta alikuwa mzaliwa wa Uganda. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia, Mehta alihamia Kenya. Mwaka 1973, akiwa na Lofty Drews, alimaliza Safari akiwa na pointi sawa kabisa na Harry Källström wa Sweden, ambaye naye aliendesha Datsun ya aina nyingine. Waamuzi walimpa Mehta ushindi kwa kuwa ndiye aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Huo ulikuwa ushindi wake wa kwanza kati ya mitano. Nakumbuka sisi watoto wa enzi zile tulivyotengeneza magari ya waya, kila mmoja akidai lake ndilo Datsun. Hakuna aliyetaka kuwa wa pili.

Hadi hapo, wapenzi wasikilizaji, hadithi ni tamu. Lakini swali langu la leo ni hili: baada ya shangwe, magari yale yalikwenda wapi?

Mwezi Oktoba 1973 vita vya Mashariki ya Kati vilileta shida ya mafuta, na bei ya petroli ikapanda dunia nzima. Marekani nayo ilikuwa imetunga sheria za kupunguza moshi na za kuimarisha bampa. Gari likaongezwa uzito. Ikaja 260Z, ikafuata 280Z, na mwaka 1978 ikaingia 280ZX, gari la starehe zaidi kuliko la mbio. Wapenzi wa lile la kwanza walinung'unika kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nasema mgema hapa alionewa kidogo, maana maji mengine yalitiwa na sheria.

Wakati huo huo zile 240Z za kwanza ziliingia katika maisha ya pili. Zikawa magari yaliyotumika. Zilinunuliwa na wanafunzi, na mafundi vijana, na watu waliotaka fahari kwa fedha kidogo. Hapo ndipo adui wa kweli alipojitokeza, naye hakuwa mwendo kasi. Alikuwa kutu. Bati la gari hili lilikuwa jembamba, na kinga yake dhidi ya kutu ilikuwa hafifu. Katika nchi za baridi, ambako barabara humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu, gari lilianza kuliwa chini ya betri, sakafuni, kwenye matao ya magurudumu, na chini ya kioo cha mbele mahali maji yanapotuama. Kwa juu rangi inang'aa. Kwa chini unaona barabara. Sisi wa Mombasa, Tanga na Dar es Salaam tunaujua upepo wa chumvi, hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Zaidi ya magari nusu milioni ya kizazi hicho cha kwanza yalitengenezwa hadi mwaka 1978. Mengi yaliishia kwenye vyuma chakavu. Yale yaliyobaki yalibaki kwa sababu moja kubwa: alikuwapo mtu, mara nyingi si mwenye gari wa kwanza bali wa pili au wa tatu, aliyeamua kulitunza na kuandika kila alichokifanya. Kampuni yenyewe ililiona jambo hilo kwa kuchelewa. Mwaka 1997 Nissan ya Marekani ilinunua 240Z chache kuukuu, ikazifanyia matengenezo kamili, ikaziuza kwa karibu dola 25,000 kila moja, yaani takriban mara saba ya bei ya mwanzo. Mwaka 2013 mafundi wa Nissan huko Japani walilifufua lile gari lililoshinda Safari mwaka 1971. Na mwezi Januari 2020 gari moja la aina hiyo, lililotunzwa vizuri mno, liliuzwa mnadani Marekani kwa dola 310,000.

Najua baadhi yenu mmeshaanza kupiga hesabu. Tulieni kwanza. Kwa kila gari moja lililouzwa kwa bei ya nyumba, yapo mengi yaliyouzwa kwa kilo.

Hivi karibuni mpwa wangu alikuja nyumbani, akanipa shikamoo, akakaa, akasema, "Mjomba, nimepata gari." Lilikuwa gari la spoti kutoka Japani, limetumika, jekundu. Fedha alizotaka kulinunulia alikuwa ameziweka akiba miaka minne kwa ajili ya kiwanja. "Bei yake ni ndogo, mjomba," akasema, "utadhani wanalitupa."

Nilimweleza kwa nini bei ni ndogo. Kule Japani gari binafsi jipya hupelekwa kukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo pamoja na kodi zake una gharama. Wengi huona afadhali wauze wanunue jingine. Nao huendesha upande wa kushoto kama sisi, basi magari yao yanatufaa bila kubadilishwa usukani. Hiyo ni bahati yetu. Lakini bei ya gari hushuka mwaka hata mwaka, ilhali bei ya spea haishuki. Pistoni ya gari la fahari haijui kwamba gari limekuwa la mtumba. Tairi pana ni tairi pana, na tuta la barabarani halimwonei huruma mwenye gari la chini.

Kisha nikamwuliza maswali matatu. Daftari la gari liko wapi? Fundi wa injini hiyo ni nani, na spea anazipata wapi? Na likilala gereji mwezi mzima, utakwenda kazini kwa nini? La tatu alilijibu kwa kucheka. La kwanza hakuwa na jibu.

Nikamshauri arudi huko na fundi anayemwamini, amlipe fundi mwenyewe, asiachie muuzaji amlipe. Walinganishe namba ya chasisi na ya injini na zile zilizoandikwa kwenye kadi. Waiwashe injini ikiwa baridi, wautazame moshi: wa buluu ni oili inayoungua, mweusi ni petroli iliyozidi, na mweupe usiokoma ni maji yaliyoingia pasipo pake. Wasiiamini spidi mita peke yake. Watazame pedeli za breki na klachi, watazame kiti cha dereva, maana mpira ulioisha na kitambaa kilichochakaa havijui kusema uongo. Na wachukue sumaku ndogo waipitishe kwenye bodi.

Walikwenda. Kwenye mlango sumaku ilinata. Kwenye boneti ilinata. Chini ya mlango, karibu na gurudumu la nyuma, ilianguka. Palikuwa na puti tupu iliyopakwa rangi nyekundu. Muuzaji alisema hilo ni jambo dogo. Mpwa wangu alimshukuru akaondoka na fedha zake mfukoni. Hadi leo anatafuta gari. Kiwanja pia bado hajanunua, lakini hilo ni la yeye na mkewe.

Wapenzi wasikilizaji, wapo wanaosema kwamba nchi zetu zimekuwa jalala la vitu vilivyotumika ng'ambo. Lawama hiyo ina ukweli wake. Lakini historia ya 240Z inatufundisha kwamba kununua kitu kilichotumika si aibu. Gari lile liliokolewa na watu wa mkono wa pili. Jalala halitokani na kuupokea mtumba. Linatokana na kuupokea bila kuukagua, kuutumia bila kuutengeneza, na kuuza aibu yetu kwa anayefuata kwa kuipaka rangi. Anayenunua gari kuukuu hununua na tabia za waliolimiliki kabla yake.

Kwa hiyo, wewe uliyekwisha kununua, iwe ni gari la spoti au pikapu ya kubebea mkaa, nunua na daftari la shilingi chache. Andika tarehe uliyobadilisha oili, kilometa zilizosomeka, spea uliyofunga na jina la fundi. Siku utakapouza, mkabidhi mwenzio gari pamoja na daftari hilo. Utakuwa umempa kitu ambacho wengi wetu hatukupewa. Na wewe unayetaka kununua, ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Uliza nani aliunda, na nani alitunza.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.