Mtumba au mpya? Waliobuni baiskeli ya milimani walianza na mtumba

Haya, ndugu zangu wa mjini mliochoka na foleni. Kuna swali ambalo naulizwa sana siku hizi, na najua wengi wenu mnalo kichwani: mtu ana hela yake kidogo, anataka baiskeli ya milimani, ile ya gia na matairi manene. Achukue mtumba uliotoka Japani au Ulaya, au ajibane hadi mwisho wa mwezi ujao anunue mpya inayong'aa dukani?

Wengi tunadhani hili ni swali la shida zetu tu. Wapi! Lina umri sawa na baiskeli yenyewe, na waliolijibu mwanzo walikuwa vijana wa California.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1933, Marekani ikiwa katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, kampuni ya Schwinn ya Chicago ilitoa baiskeli yenye matairi manene ya upana wa zaidi ya inchi 2. Ilikuwa baiskeli ya vijana: fremu nzito ya chuma, gia moja, breki ya kukanyaga pedali kurudi nyuma. Watoto waliosambaza magazeti waliipenda kwa sababu ilistahimili mateso. Baadaye zikaja baiskeli nyepesi za matairi membamba, na zile nzito zikaishia kwenye magereji na mabanda ya watu, zikila vumbi na kutu.

Sasa twende Marin, wilaya iliyo kaskazini ya San Francisco, ukishavuka daraja la Golden Gate. Kuna mlima pale unaitwa Tamalpais, na kwenye vilima vinavyouzunguka kuna njia za vumbi zilizochongwa kwa ajili ya magari ya zimamoto. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 vijana wa huko, baadhi yao wakiwa waendesha baiskeli za mashindano ya barabarani, waligundua kwamba zile takataka za gereji zinashuka mlima vizuri ajabu. Mmoja wao, Joe Breeze, mwaka 1973 alinunua baiskeli ya Schwinn iliyotengenezwa 1941. Bei? Dola 5. Huo si mtumba, huo ni mtumba wa mtumba.

Oktoba 1976 wakaanza mashindano. Charlie Kelly ndiye aliyekuwa anaandaa. Njia ilikuwa karibu na mji mdogo wa Fairfax, yenye urefu wa kilomita 3 na ushee, ikiteremka kiasi cha mita 400. Gary Fisher aliwahi kuimaliza kwa dakika 4 na sekunde 22, rekodi ya njia hiyo. Jaribu kupiga picha: chuma cha kilo 20 na zaidi, breki moja ya nyuma, kona za changarawe. Breki ile ilikuwa inapata moto hadi grisi ndani ya habu inafuka moshi. Ukifika chini, kazi ya kwanza ni kufungua habu, kusafisha gololi na kupaka grisi upya. Kazi hiyo ndiyo iliyoipa njia jina lake, Repack.

Hapa ndipo hesabu ya mtumba inapoanza kuwa tamu. Mtumba wa dola 5 haukubaki wa dola 5. Fisher alifunga gia, akaweka breki za ngoma, akatafuta na mikono ya breki ya pikipiki. (Wenzao wa Cupertino walikuwa wameshafunga gia kwenye baiskeli za aina hiyo, wakaonekana nazo Mill Valley Desemba 1974. Ugomvi wa nani baba wa baiskeli ya milimani mimi siuingilii.) Kila kifaa kilikuwa pesa. Mwisho wake una fremu ya kabla ya vita iliyobeba vifaa vinavyoizidi thamani mara nyingi. Na fremu ndiyo ilikuwa inasaliti: inapinda, inapata ufa. Ikivunjika, unahamisha vifaa vyote kwenda kwenye fremu nyingine ya zamani, kama unaipata. Maana vijana walivyozidi kuzitafuta, zilizidi kuadimika, na bei ikapanda. Kisima cha mtumba nacho hukauka.

Kelly akamwomba Breeze amtengenezee fremu mpya kabisa. Breeze alikuwa anajua kuchomelea mabomba ya baiskeli za mbio. Mwaka 1977 akamaliza ya kwanza, aliyobaki nayo mwenyewe, na hadi 1978 akawa ametengeneza 10. Zilizouzwa ziliuzwa dola 750 kila moja. Kwa bei ile ya 1973, hizo ni Schwinn kuukuu 150! Lakini kinachonifurahisha ni kwamba Breeze hakuubeza mtumba. Mlalo wa mabomba aliunakili kutoka kwenye Schwinn Excelsior, kwa sababu ilikuwa imeshajithibitisha mlimani, na tairi ikabaki ile ile ya inchi 26. Kilichobadilika ni chuma chenyewe na kila kilichofungwa juu yake. Leo hiyo baiskeli ya kwanza iko kwenye makumbusho ya Smithsonian, Washington.

Kutoka hapo mambo yalikwenda haraka. Mwaka 1979 Fisher na Kelly walifungua kampuni waliyoiita MountainBikes, wakiuza baiskeli zenye fremu za fundi Tom Ritchey. Mwaka 1981 Mike Sinyard wa Specialized akaleta Stumpjumper, iliyotengenezwa Japani kiwandani kwa wingi. Mwaka 1996 mchezo ukaingia Olimpiki ya Atlanta.

Sasa angalia kilichotokea. Katika miaka ya 1980 na 1990 Ulaya, Marekani na Japani zilinunua baiskeli hizi kwa mamilioni. Halafu katika miaka ya 2010 viwanda vikubwa vikahamia kwenye magurudumu ya inchi 27.5 na 29, na ile inchi 26 iliyorithiwa tangu 1933 ikaanza kuonekana ya kizamani. Baiskeli nzima kabisa, zenye fremu za chuma kizuri, zikarudi gereji kula vumbi, sawasawa na Schwinn za wakati ule. Sehemu ya hizo ndizo zinazoshushwa bandarini kwetu. Na huku tairi ya inchi 26 haijafa hata kidogo. Iko kwa kila muuza spea. Kinachoonekana kasoro kwa Mjerumani, kwako ni nafuu.

Upande wa mpya, tuwe wakweli. Nyingi kati ya zile za bei ya chini zina sura tu ya baiskeli ya milimani. Shokapu mbele, shokapu katikati, stika kibao, lakini shokapu hizo ni uzito mtupu, na pedali zinaanza kulia mapema. Mpya iliyotengenezwa vizuri ni jambo lingine kabisa, na mfano uko jirani. Tom Ritchey, yule yule wa fremu za 1979, alitembelea Rwanda mwaka 2005 akaona wakulima wakibeba mizigo kwa baiskeli za mbao. Kwa ajili ya wakulima wa kahawa alichora baiskeli mpya, ndefu nyuma, ya kubebea magunia, kwa sababu kahawa ikishachumwa haisubiri. Mradi huo huo ukazaa timu ya mbio, na mwaka 2012 Adrien Niyonshuti akaiwakilisha Rwanda London kwenye mbio za baiskeli za milimani, akiwa pia mshika bendera wa nchi yake.

Kwa hiyo mimi niko upande gani? Kwa hela ya wengi wetu, niko na mtumba, ila kwa sharti moja lililowashinda vijana wa Marin: fremu iwe nzima. Hayo mengine yote hubadilishwa. Angalia pale bomba la chini linapoungana na shingo ya usukani. Pitisha kidole chini yake. Rangi ikiwa imejikunja au chuma kimevimba kidogo, baiskeli hiyo iligonga kitu, iache hata ukipunguziwa nusu. Zungusha magurudumu uone kama rimu inayumba. Vuta mnyororo pale mbele ya pedali; ukiachana sana na meno, ongeza bei ya mnyororo na gia kwenye hesabu yako kabla hujataja bei. Nenda mchana, kukiwa na mwanga, na uende na fundi wako mwenyewe, siyo yule aliyekaa pembeni ya muuzaji.