Seli Zinazopukutika

Jicho la binadamu hujengwa kwa vifo. Mtoto akiwa bado tumboni, mishipa midogo ya damu hupita katikati ya jicho kwenda kulisha lenzi. Kazi yake ikiisha, mishipa hiyo hufa, na seli walaji ziitwazo makrofaji huimeza. Ndipo mwanga hupata njia. Mishipa ikibaki, mtoto anaweza kuzaliwa na ukungu jichoni.

Mwaka 1951 Alfred Glücksmann, mtafiti wa Cambridge, alikusanya ushahidi kwamba kufa kwa seli ni sehemu ya kawaida ya ukuaji wa kiinitete. Jina lilichelewa hadi 1972, pale John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie walipotumia neno la Kigiriki: apoptosisi, kuanguka kwa majani. Kwa Kiswahili tuna neno lake tayari: kupukutika.

Nasoma historia hii kwa ajili ya shahada ya uzamili, nami ni mtu wa Bomani, Tarime. Kipande kinachonigusa zaidi kinapita kando ya Ziwa Victoria.

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika kuhusu watoto waliovimba mataya. Wengine uvimbe uliwasukuma macho nje. Wataalamu walipouweka uvimbe huo chini ya hadubini waliona seli nyeusi zimesongamana, na kati yake madoa meupe yaliyotawanyika. Wakauita mwonekano huo anga yenye nyota.

Nyota zile ni makrofaji, zimeshiba seli zilizokufa. Leo tunajua sababu. Katika saratani ya Burkitt, jeni iitwayo MYC huamrisha seli zigawanyike bila kupumzika, na amri hiyohiyo huzisukuma nyingi zife. Wafagiaji walewale wanaosafisha jicho la kiinitete hufika kufagia, lakini humo seli zinazaliwa haraka kuliko zinavyopukutika.

Burkitt aligundua kuwa ugonjwa huu unafuata maeneo ya joto na mvua, kama malaria. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake walipata kirusi ndani ya seli za uvimbe huo. Swali likabaki: malaria inachangia kiasi gani?

Jibu lilikuja kutafutwa kwetu. Kuanzia 1977 hadi 1982, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliendesha jaribio Mara Kaskazini, eneo ambalo leo ni wilaya za Tarime na Rorya. Watoto wa chini ya miaka 10 walipewa klorokwini kila baada ya wiki mbili. Saratani ilipungua, ila ilikuwa imeanza kupungua kabla ya vidonge. Malaria nayo ilishuka mwanzoni, kisha ikapanda tena. Vidonge vilipokoma, saratani iliongezeka. Watafiti hawakuweza kukata shauri.

Katika makala za kitaalamu watoto wale ni safu ya takwimu. Mimi nawafikiria wakimeza kidonge kichungu, mama kasimama na kikombe cha maji, bila kujua kwamba swali lao linahusu namna seli inavyokubali au kukataa kufa. Waliobaki hai sasa ni watu wa miaka hamsini hivi. Mwanafunzi akifundishwa apoptosisi, atajiwe Aberdeen na Cambridge, kisha atajiwe na Mara Kaskazini.