Kula kwa utulivu Kampala, hata kama una mlo mmoja kwa siku

Unatembeza vitenge toka asubuhi, Katwe mpaka Nsambya. Saa nane mchana unanunua kikomando na kukimaliza ukiwa umesimama, simu sikioni. Jioni kuna bugali na sombe, lakini mawazo yako kwenye kodi ya nyumba au kwa ndugu waliobaki Bunia. Tumbo limepata kitu, ila ukiulizwa kilikuwa na ladha gani, hujui.

Kula kwa utulivu maana yake ni kuweka akili kwenye chakula wakati unakula: kukiangalia, kukinusa, kukitafuna vizuri, na kusikiliza tumbo. Si mpango wa kupunguza uzito, na hauhitaji chakula cha bei kubwa.

Tuseme jambo moja wazi. Utulivu haujazi sufuria. Mkimbizi anayeishi Kampala kwa kawaida hapati mgao wa chakula kama ule uliozoeleka Nakivale au Kyaka II. Anatarajiwa kujitegemea. Kama chakula nyumbani hakitoshi, tatizo ni chakula, si namna unavyokula.

Kwa nini basi ujaribu?

Kwa sababu njaa na wasiwasi vinafanana. Vyote viwili vinakaza tumbo. Mtu mwenye mawazo mengi anaweza kushindwa kumeza, au akanywa chai ya sukari nyingi mara tano kwa siku akidhani ni njaa. Ukizoea kujiuliza "hii ni njaa au ni mawazo?" kabla ya kula, utajua pesa ndogo uliyo nayo iende wapi. Pia, habari ya kushiba huchukua kama dakika 20 kufika kwenye ubongo. Anayekula kwa dakika tano hajaipata bado.

Zoezi lenyewe si geni kwa wakimbizi wa Uganda. Mwaka 2020 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika Rhino Camp, kaskazini mwa nchi, kwa wanawake 694 kutoka Sudan Kusini. Kundi moja lilifuata kozi ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iitwayo Self-Help Plus: vikao 5 vya kusikiliza sauti iliyorekodiwa, pamoja na kitabu cha picha. Walijifunza kukanyaga chini, kupumua taratibu, kisha kuangalia wanachoona, wanachosikia, wanachogusa na wanachoonja. Miezi 3 baadaye msongo wao ulikuwa mdogo kuliko wa kundi lingine. Kozi haikuhusu chakula, lakini tonge ni mahali rahisi pa kujizoeza.

Unaanzaje?

Anza na kitu kimoja tu, labda chai ya asubuhi. Kaa chini. Weka simu mbali. Shika kikombe, sikia joto lake, nusa tangawizi, kunywa kidogo na usubiri kabla ya kunywa tena. Mawazo yakikimbia, na yatakimbia, yarudishe kwenye chai bila kujigombeza. Dakika tatu zinatosha.

Kama mnakula kwenye sinia moja, endeleeni, ni desturi nzuri. Lakini kwenye sinia anayekula haraka ndiye anayeshiba, na mtoto mdogo huachwa nyuma. Mpakulie sahani yake, umpe muda wa kumaliza. Usimfundishe mtoto kungoja njaa. Yeye anahitaji kula mara kadhaa kwa siku.

Chakula kikileta uchungu

Harufu ya samaki inaweza kukurudisha nyumbani mpaka machozi yatoke. Wengine huona aibu kula wakati mama yao kijijini hana kitu. Hujakosea zoezi. Kanyaga chini, pumua, chukua tonge linalofuata. Lakini ikiwa kila mlo unaleta kumbukumbu usizoweza kuzibeba, acha zoezi na uongee na mhudumu wa afya.

Upate msaada wapi?

Nenda kituo cha afya cha serikali, kama kile cha Kisenyi, ukikosa hamu ya kula kwa wiki mbili, ukipungua uzito au ukitapika mara kwa mara. Mwenye ugonjwa wa sukari asibadilishe saa za kula kabla ya kuongea na daktari. Kwa matatizo makubwa ya akili kuna hospitali ya Butabika. Kama nyumbani hakuna chakula kabisa, piga laini ya bure ya FRRM, 0800 32 32 32, ueleze hali yako.