Mto Mara na Sheria ya Mwaka 2009

Kijiji cha Mbalibali, Tanzania, kiko jirani na Mto Mara, unaotenganisha wilaya za Serengeti na Tarime. Maji yakifika huko yamekwisha kutoka msitu wa Mau, Kenya, kwa mito ya Nyangores na Amala, yakapita mashamba ya Bomet na Narok na kukatiza hifadhi za Maasai Mara na Serengeti. Mbele yapo matete ya Kirumi, kisha Ziwa Victoria. Mto wote ni kilomita zipatazo 395.

Zamani kila mtu alitunza kipande chake: wa hifadhi alihesabu nyumbu, wa uvuvi alikagua nyavu. Mwaka 2001 Kenya iliondoa takriban hekta 60,000 za Mau kwenye hadhi ya msitu, uamuzi wa Nairobi kuhusu maji yanayonyweka hadi Musoma Vijijini.

Mwaka 2003 nchi za Afrika Mashariki zilisaini itifaki ya Bonde la Ziwa Victoria, na tangu 2012 Septemba 15 ni Siku ya Mara. Sherehe ni sherehe. Zito kwangu ni Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya Tanzania, ya 2009: wa kwanza kupewa maji ni binadamu kwa matumizi ya nyumbani, wa pili ni mto wenyewe na viumbe wake. Mgodi na umwagiliaji husubiri.

Mwaka huohuo maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodi wa North Mara, Nyamongo, yakaingia Mto Tigithe, unaomwaga maji yake katika Mto Mara.

Kwa hiyo mwaka 2022, maji yalipogeuka meusi na samaki wakafa, kisha kamati iliyoundwa na Waziri Selemani Jafo ikataja kinyesi cha mifugo na mimea iliyooza, wengi waligoma kuamini. Hata hivyo hoja hiyo si ya kichekesho. Utafiti uliotolewa 2018 ulionyesha kwamba kinyesi cha viboko wapatao 4,000 upande wa Kenya, mvua ikikisomba, humaliza oksijeni majini na kuua samaki pasipo mgodi wowote. 

Lakini aliyeshuhudia Tigithe ana haki ya kudai vipimo vya juu na chini ya makutano yake na Mara, vibandikwe ofisi za vijiji kila mwezi, samaki wakiwa bado hai.