Kionga: Kipande cha Pwani Kilichoiingiza Ureno Vitani

Kusini ya mahali Mto Ruvuma unapoingia baharini, kabla ya kufika Rasi ya Delgado, iko Kionga. Mwaka 1886 Ujerumani na Ureno zilikubaliana kwamba Ruvuma uwe mpaka wa makoloni yao. Miaka minane baadaye Wajerumani wakavuka mpaka huo na kuitwaa Kionga. Lisbon ililalamika tu, maana haikuwa na ubavu wa kufanya zaidi. Ikumbukwe pia kwamba mwaka 1887 Ureno nayo ilikuwa imempokonya Sultani wa Zanzibar ghuba ya Tungi, jirani kabisa na hapo. Wenyeji wa pwani hiyo hawakuulizwa neno mara zote hizo.

Vitabu vingi husema Ureno iliingia katika Vita Kuu ya Kwanza kwa sababu ya urafiki wake wa kale na Uingereza. Mimi naona Kionga inaeleza zaidi. Mwaka 1898 Uingereza hiyohiyo ilikaa na Ujerumani kwa siri na kupanga jinsi ya kugawana makoloni ya Ureno, endapo deni lingeilemea. Kaskazini ya Msumbiji ingekwenda kwa Wajerumani. Mazungumzo ya namna hiyo yakafufuliwa tena mwaka mmoja kabla ya vita. Mwenye rafiki wa aina hiyo hulala jicho moja wazi.

Juu ya hofu hiyo kulikuwa na jambo la heshima. Mfalme wa Ureno aliangushwa Oktoba 1910, na jamhuri changa ikajikuta katika Ulaya iliyojaa wafalme. Afonso Costa na wenzake wa chama cha Demokrasia waliamini kwamba taifa lisilopigana lisingepewa kiti penye meza ya amani, na kwamba makoloni yao yangegawiwa wakiwa nje ya mlango. Hata Wajerumani waliposhambulia kituo cha Maziua kando ya Ruvuma, mwishoni mwa Agosti 1914, vita haikutangazwa. Nafasi ilikuja Februari 1916, Uingereza ilipoomba meli za Wajerumani zilizokuwa zimejificha katika bandari za Ureno. Ureno ilizikamata ikijua vizuri kitakachofuata. Tarehe 9 Machi Ujerumani ikatangaza vita.

Mahali pa kwanza jeshi la Ureno lilipokwenda kudai chake ni Kionga. Tarehe 10 Aprili 1916 liliingia bila kupata upinzani wa maana. Ushindi huo mdogo ulishangiliwa mno, hata zikatolewa stempu za posta zilizochapwa jina la Kionga.

Baada ya hapo mambo yakawa mabaya. Mwezi Mei jaribio la kuvuka Ruvuma lilishindwa. Newala, mji uliokuwa upande wa Wajerumani, ilitekwa Oktoba na kupotea Novemba. Tarehe 25 Novemba 1917 Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, akiwa amebakiwa na risasi chache, alivuka mto na kuipiga ngome ya Negomano. Meja João Teixeira Pinto, kamanda wa Wareno hapo, aliuawa, na bunduki na risasi za Ureno zikawapa Wajerumani nguvu ya kuzunguka ndani ya Msumbiji hadi Septemba 1918. Askari waliotoka Ulaya waliuawa zaidi na maradhi kuliko risasi. Waliobeba mzigo wa vita hasa, na hapa ndipo uchungu wangu ulipo, ni wapagazi waliokamatwa kwa nguvu vijijini, wakatembezwa na mizigo bila chakula cha kutosha. Kukamatwa huko ni sababu mojawapo ya watu wa Barue, bonde la Zambezi, kuasi mwaka 1917.

Ureno ilipata kiti ilichokitaka kwenye mkutano wa amani wa Paris, na makoloni yake hayakugawanywa. Ardhi pekee iliyoongezewa kwa vita ile yote ni Kionga. Iliishika hadi tarehe 25 Juni 1975, Msumbiji ilipopata uhuru.